Redio ikiomba radhi, fidia haijafutika

Watu wengi Kenya huamini kwamba kituo cha redio au televisheni kikishaomba radhi hewani, kesi ya kuchafuliwa jina imekwisha. Sivyo. Radhi hupunguza fidia tu, tena iwe imetolewa mapema, waziwazi, na katika kipindi chenye wasikilizaji kama kile kilichobeba kashfa. Radhi ya sekunde kumi saa sita usiku, kwa habari iliyosomwa saa moja jioni, haimsaidii sana mdaiwa. Jaji anaweza hata kuiona dharau.

Kiasi cha fidia hukadiriwa na jaji, akiangalia uzito wa tuhuma, walioisikia, marudio, na nia mbaya. Kifungu cha 16A cha Sheria ya Kashfa kimeweka kiwango cha chini: shilingi 1,000,000 ukisingiziwa kosa la kunyongwa, 400,000 kosa la kifungo kisichopungua miaka 3.

Wadai wengi huangukia kwenye ushahidi. Huleta klipu ya WhatsApp bila cheti cha ushahidi wa kielektroniki (hati inayoeleza jinsi klipu ilivyopatikana), au hukosa shahidi wa kusema alimdharau mdai baada ya kusikiliza. Wengine hungojea radhi mpaka miezi 12 ya kufungua kesi inapita.