Je, wajua ni kwa nini watu waliegemea ukuta usiokuwepo?

Nilipoona kwa mara ya kwanza picha ya kazi ya msanii wa Marekani James Turrell, pande la rangi lenye pembe nne likiwaka kwa utulivu katika chumba chenye giza, niliamini kuwa ni ubao uliopakwa rangi na kumulikwa na taa iliyofichwa. Baadaye nikajisahihisha kwa kosa jingine: nikasema ni kioo chenye taa nyuma yake. Kumbe hakuna ubao wala kioo, bali tundu lililokatwa ukutani, na nyuma yake chumba kitupu kilichojaa mwanga. Udhuru wangu ni kwamba picha huwa bapa tangu mwanzo. Hata hivyo, mwaka 1980, katika jumba la makumbusho ya sanaa la Whitney jijini New York, watazamaji wenye macho mawili na shingo za kugeuka waliegemea "ukuta" wa mwanga, wakaanguka, na suala likafika mahakamani.

Turrell alizaliwa Los Angeles mwaka 1943, akapata leseni ya urubani akiwa na miaka 16, na katika chuo cha Pomona akasomea saikolojia ya namna binadamu anavyotambua vitu kwa hisi.

Jicho hukisia umbali kwa kutegemea dalili: mikwaruzo ya chokaa, kivuli kinachokolea kwenye kona, unene wa ukingo. Turrell huziondoa moja baada ya nyingine. Taa hufichwa zisionekane, kuta za chumba cha nyuma hulainishwa, na kingo za tundu huchongwa kwa mshazari hadi ziwe nyembamba kama makali ya kisu. Aliyesimama katika ukungu mzito hajui kama weupe ulio mbele yake uko umbali wa mkono au wa uwanja mzima, na hata kuwa na macho mawili hakumsaidii, kwa kuwa macho hayo hayana alama yoyote ya kulinganisha. Ukungu wa Turrell, lakini, una fremu. Ni kama kuchungulia kisima ambacho maji yake hayana jani wala kiwimbi: mdomo wa kisima ndio kitu pekee ambacho jicho linaweza kukishika, basi rangi yote huonekana imetandazwa hapo hapo kwenye mdomo.

Kanuni hiyo hiyo hutumika katika vyumba vyake vyenye dari lililo wazi, ambamo anga huonekana limeshuka na kukaa darini kama kitambaa kilichokazwa. Taa za ndani zinapobadilishwa rangi wakati wa machweo, anga nalo huonekana kubadilika, kwa sababu jicho huipima rangi kwa kuilinganisha na jirani yake.

Si kila mtu huona jambo lile lile. Tangu utafiti wa mwanasaikolojia Mjerumani Wolfgang Metzger katika miaka ya 1930, imeonekana kuwa wapo wanaotazama uwanja wa mwanga usio na alama wakaona maumbo yasiyokuwepo, na wapo wanaohisi kwamba uwezo wa kuona umezimika. Kwa hiyo maelezo ya kinachotokea ubongoni yanastahili tahadhari.

Kazi yake kubwa zaidi ni Roden Crater, volkano iliyozimika huko Arizona, aliyoinunua mwaka 1977 na ambayo bado haijakamilika. Zaidi ya yadi za ujazo milioni 1 za udongo zilihamishwa ili kusawazisha ukingo wake, kusudi mtu anayelala chali katikati ya shimo aone anga, ambalo lilikuwepo muda wote, likiwa na umbo la kuba.