Daktari Guillotin hakukatwa kichwa na gilotini

Bado watu husimulia kwamba Daktari Joseph-Ignace Guillotin wa Ufaransa alibuni gilotini, mashine ya kunyongea watu kwa kuwakata vichwa, kisha ikamkata kichwa yeye mwenyewe. Hadithi tamu, ila si kweli. Guillotin alifariki kwa maradhi jijini Paris mwaka 1814, zaidi ya miaka 20 tangu mashine hiyo ianze kazi.

Wala si yeye aliyeibuni. Mpango wa mashine hiyo ulitoka kwa daktari wa upasuaji, Antoine Louis, na aliyeiunda ni Mjerumani Tobias Schmidt, fundi wa vinanda (kazi za watu hizi!). Tena Uingereza na Uskoti zilikwishakuwa na mashine za namna hiyo kitambo.

Alichofanya Guillotin ni kusimama bungeni Oktoba 1789 na kudai adhabu ya kifo iwe ya namna moja kwa wote. Hadi wakati huo mwenye cheo alikatwa kichwa kwa upanga. Mlalahoi alinyongwa, au alifungwa kwenye gurudumu na kuvunjwa mifupa kwa nondo. Binafsi aliipinga adhabu ya kifo, na alitumaini kupunguza mateso kungekuwa hatua ya kuelekea kuifuta. Ufaransa iliifuta mwaka 1981. Gilotini ilitumika mara ya mwisho 1977.