Huyo wa upande wa pili anataka nini?

Nimehariri miswada ya tamthilia za televisheni kwa miaka mingi, na haupiti mwaka bila mwandishi chipukizi kuniletea hadithi ya ulimwengu sambamba. Mara nyingi inaanza vizuri. Mtu anaamka, nyumba ni ileile, mtaa ni uleule, ila mume si yule, au marehemu mama yake yuko jikoni anachoma vitumbua. Nasoma kwa hamu mpaka ukurasa wa kumi, kumi na tano. Kisha naandika pembeni swali lilelile: huyo wa upande wa pili anataka nini? Kwa kawaida jibu halipo. Wa upande wa pili amewekwa pale ili shujaa wetu ashtuke, na shujaa akishashtuka, yeye hana kazi tena.

Swali hilo nililipata kwa kukaa na hadithi tatu za zamani za televisheni, mbili za Marekani na moja ya Uingereza, nikizifungua kama fundi anavyofungua redio ili aone kilichomo. Ya kwanza ni ya 1960, ya pili ya 1967, ya tatu ya 1970. Hiyo ya tatu nitaizungumza kwa kirefu, kwa sababu mpaka leo sijaona iliyoipita.

Ya 1960 inaitwa "Mirror Image", ni sehemu moja ya mfululizo wa The Twilight Zone, iliyoandikwa na Rod Serling na kurushwa tarehe 26 Februari. Millicent Barnes, anayeigizwa na Vera Miles, anasubiri basi lililochelewa. Ni usiku, mvua inanyesha, stendi karibu haina watu. Anakwenda dirishani kuuliza basi litafika saa ngapi, na karani anamjibu kwa hasira kwamba ameshauliza mara kadhaa. Yeye anajua ndiyo kwanza ainuke kwenye benchi. Nyuma ya kaunta anaona begi kama lake. Mhudumu wa maliwatoni anamwambia alikuwa humo muda si mrefu uliopita. Kisha, mlango ukiwa wazi, anatazama kwenye kioo na kumwona, palepale kwenye benchi alipotoka, mwanamke mwenye nguo zake na sura yake.

Serling alisimulia kwamba wazo lilimjia uwanja wa ndege, alipomwona kwa nyuma mtu aliyevaa kama yeye na kubeba begi kama lake, akajiuliza itakuwaje akigeuka awe ni yeye mwenyewe. Mtu aligeuka, akawa kijana mzuri kuliko yeye. Lakini hofu ile ya sekunde chache ndiyo iliyoingia kwenye mswada, nzima, bila kupunguzwa.

Pacha wa Millicent ana haja, tena haja kubwa kuliko zote. Millicent anakumbuka kuwahi kusoma kwamba zipo dunia mbili zinazokwenda sambamba, na kwamba anayevuka kuja huku hawezi kuishi bila kumwondoa mwenye nafasi yake. Hilo tu ndilo tunaloambiwa. Pacha hasemi neno hata moja. Anaketi ndani ya basi na kutabasamu. Ni hadithi ya kutisha, na inatisha kweli, lakini upande wa pili umebaki giza. Hatujui mwanamke yule alikimbia nini huko kwao, na Serling hataki tujue.

Hapa niseme kidogo kuhusu fizikia, maana waandishi hunijia wameishika kama hirizi. Mwaka 1957 Hugh Everett III, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Princeton, alichapisha tasnifu yake ya udaktari kwa ufupi, yenye hoja kwamba kipimo cha fizikia ya kwanta, yaani ya chembe ndogo kabisa, hakichagui jibu moja na kuyatupa mengine. Majibu yote hutokea, na anayepima hugawanyika pamoja nayo. Wanafizikia wengi hawakuijali hoja hiyo kwa zaidi ya miaka kumi, mpaka mwanafizikia Bryce DeWitt alipoipigia debe mwaka 1970 kwenye jarida la Physics Today. Wakati huo Everett alikuwa ameshaondoka chuoni zamani, akafanya hesabu za kijeshi Pentagon. Sasa, katika nadharia yake matawi yakishaachana hayatembeleani. Hakuna anayevuka. Ndiyo maana televisheni haiwezi kumfuata Everett mpaka mwisho wa njia: tamthilia inahitaji mlango. Na ukishaweka mlango, umeshakubali kwamba nyuma yake anaishi mtu.

Star Trek, mfululizo wa chombo cha anga kinachozuru sayari za mbali, ilikubali. "Mirror, Mirror" ilirushwa na NBC tarehe 6 Oktoba 1967, mswada ukiwa wa Jerome Bixby na uongozaji wa Marc Daniels. Kirk, nahodha wa chombo hicho, yuko kwenye sayari ya Wahalkani akiomba wamruhusu achimbe madini ya dilithiamu. Wahalkani wanakataa kwa upole, kwa kuwa madini yao yanaweza kutumika kuua. Kirk anawaheshimu, anaomba kurudishwa chomboni yeye na wenzake watatu: daktari McCoy, fundi mkuu Scott na ofisa mawasiliano Uhura. Dhoruba ya ayoni inauvuruga mtambo wa kuwahamisha, nao wanatua kwenye chombo kilekile ambacho si kilekile. Hapa inatawala himaya katili; nembo ukutani ni dunia iliyochomwa upanga. Cheo hupatikana kwa kumuua aliyekutangulia. Spock, ofisa msaidizi wa Kirk anayeishi kwa mantiki, ana ndevu.

Kwa mtayarishaji hadithi hii ni neema. Waigizaji ni walewale, korido ni zilezile. Unabadilisha nguo, unaongeza visu, dunia mpya iko tayari. Walioiga baadaye walichukua ndevu na visu, wakaacha mambo mawili ambayo ndiyo uti wa mgongo.

La kwanza ni kwamba wenzao wanne wakatili wa upande ule, waliobadilishana nao nafasi na kutupwa kwenye chombo chetu, waligundulika papo hapo na kufungiwa. Spock wetu anaeleza mwishoni kwamba mtu mstaarabu anaweza kujifanya mshenzi kwa urahisi, ila mshenzi hawezi kujifanya mstaarabu. Bixby anatuambia tabia si vazi, na anatuambia kwa tukio kwanza, maneno baadaye.

La pili ni Spock mwenye ndevu. Ameamriwa amuue Kirk, na angepata unahodha. Wanapambana, anajeruhiwa kichwani, analala kwenye meza ya matibabu. Zimebaki dakika chache kabla ya njia ya kurudi kufungwa, wenzake wanamhimiza McCoy waondoke, naye McCoy anakataa kumwacha mgonjwa afe. Spock anazinduka, anamshika mkono daktari, anaingia akilini mwake na kuujua ukweli wote. Kisha anawasaidia waondoke. Tazama mpangilio huo: huruma ya daktari ndiyo iliyofungua mlango ambao hoja ya nahodha iliingilia. Kirk anamuuliza himaya hii itadumu muda gani kabla ya kuangushwa, Spock anakadiria miaka 240 hivi. Basi haina mantiki, Kirk anamwambia, kwa nini uitumikie? Spock anajibu kwamba atalifikiria.

Huyo ni mtu. Ana cheo cha kupoteza, ana akili ya kupima, na kamera inapomwacha bado anafikiri.

Sisi tunaosoma Kiswahili tuna sababu yetu ya kuipenda sehemu hii. Jina la Uhura limechongwa kutoka neno uhuru, na wiki moja tu kabla, tarehe 29 Septemba 1967, katika sehemu iitwayo "The Changeling", Uhura aliyefutwa kumbukumbu anasikika akiongea Kiswahili anapofundishwa upya kusoma. Wiki inayofuata Nichelle Nichols, anayemwigiza Uhura, anapewa kazi aliyostahili tangu mwanzo. Anakiri kwamba anaogopa, kisha anakwenda peke yake kumvuta macho ofisa Sulu wa upande ule asione ishara ya hatari mezani kwake, na akimaliza anamtolea kisu. Mara nyingi kwenye mfululizo ule alikaa tu kwenye kiti chake akipokea ujumbe. Huwa nasikitika nikifikiria ni mangapi angeweza kuigiza.

Spock kweli alilifikiria. Miaka 27 baadaye, Mei 1994, Deep Space Nine, mfululizo mwingine wa Star Trek, ilirudi dunia ileile katika sehemu iitwayo "Crossover", na tunasimuliwa kilichotokea. Spock alishika madaraka, akaleta mageuzi, akapunguza silaha. Maadui wa himaya, Waklingoni na Wakadasia, waliungana wakaivamia, na binadamu wakawa watumwa. Kirk alipanda mbegu akaenda zake. Waliobaki ndio waliovuna. Wapo watazamaji wanaoona mwendelezo huo unaiharibu hadithi ya kwanza. Mimi naona unaiheshimu, kwa sababu unachukulia kwamba watu wa kule waliendelea kuishi baada ya mgeni kuondoka.

Sasa Doctor Who, mfululizo wa Uingereza kuhusu Daktari, msafiri wa anga na wakati. "Inferno" iliandikwa na Don Houghton, ikarushwa na BBC katika Jumamosi saba, kuanzia tarehe 9 Mei hadi 20 Juni 1970. Daktari, anayeigizwa na Jon Pertwee, amefungiwa duniani kwa adhabu. Yuko kwenye mradi wa kutoboa ganda la dunia ili kupata gesi ya nishati, na kwa siri anakula umeme wa mtambo wao wa nyuklia ili aamshe meza ya kuendeshea chombo chake. Anayeongoza mradi ni Profesa Stahlman, mtu asiyesikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Wazo la kutoboa ganda la dunia halikutoka hewani. Wamarekani walikuwa na mradi wa Mohole, uliotoboa chini ya bahari karibu na Meksiko mwaka 1961, kisha fedha zikakatwa 1966. Na hadithi ikiwa bado inarushwa, tarehe 24 Mei 1970, Wasovieti walianza kuchimba kisima chao rasi ya Kola, kilichofika mita 12,262 mwaka 1989. Chini huko walikuta joto la nyuzi 180 hivi za Selsiasi, kubwa kuliko walivyotarajia.

Kisima peke yake kisingejaza sehemu saba, ndiyo maana ikaingizwa dunia ya pili. Kama mhariri nalipenda sana jambo hili: mwanya kwenye ratiba umezaa moyo wa hadithi. Meza ile inamrusha Daktari pembeni, si mbele wala nyuma. Anajikuta kwenye Uingereza ya kidikteta, jamhuri iliyowaua wafalme wake. Brigedia Lethbridge-Stewart, rafiki yake, hapa ni kamanda katili mwenye kitambaa cheusi jichoni. Mwanasayansi Liz Shaw, msaidizi wake, hapa ni askari mwenye bunduki. Na uchimbaji umewatangulia wa kwetu kwa saa kadhaa.

Katika hadithi ya kawaida Daktari angeiokoa dunia hiyo. Hapa anachelewa. Ganda linatoboka, ardhi inatetemeka, anga inawaka, naye anawaambia wazi kwamba dunia yao imekwisha. (Kuna pia wanadamu wanaogeuka mazimwi ya manyoya. Siwapendi sana, hatari iliyoko chini ya miguu inatosha.) Anachowaomba ni kizito kuliko ombi lolote ninalolikumbuka kwenye televisheni ya miaka ile: wamsaidie kupata umeme arudi kwao, akaokoe watu wenye sura zao ambao hawatawaona kamwe. Yeye hawezi kuondoka nao.

Hapo kila mtu anaonyesha alivyo. Kamanda, aliyekuwa simba mbele ya mfungwa, anatokwa jasho na kutaka achukuliwe. Nicholas Courtney, anayemwigiza, anamvua ukali kidogo kidogo mpaka anabaki mwoga mwenye bastola. Watu wawili wa mradi, Greg Sutton na Petra Williams, waliokuwa wakibishana tangu mwanzo, wanafanya kazi bega kwa bega kuuunganisha umeme. Na Liz wa kule, ambaye Daktari amegundua kwamba aliwahi kusoma fizikia kabla ya kuvaa sare, anapoona kamanda wake anamwelekezea Daktari bastola, anampiga risasi kamanda. Ukuta wa lava unawajia. Daktari anatoweka. Sisi tunabaki tumewatazama wale tuliowaacha.

Mwongozaji Douglas Camfield aliugua katikati ya kazi, na mtayarishaji Barry Letts akamalizia, lakini huoni mshono. Unaona waigizaji wanaocheza watu wawili kila mmoja, na kwa kila mmoja unapata jibu la swali langu. Kamanda anataka kuokoka. Liz anataka, angalau mara moja, kuchagua mwenyewe.

Daktari anarudi na kukuta Sir Keith Gold, aliyekufa kwa ajali ya gari kule, huku ameumia tu na yuko hai. Hapo anatambua kwamba njia hizi mbili hazikufungwa pamoja, kwamba watu wanaweza kuamua vingine. Anapigana mpaka kisima kinasimamishwa. Kisha anagombana na Brigedia, anamtolea maneno, anawasha meza yake aende zake, na inamtupa kwenye jalala la karibu. Anarudi amechafuka, anaanza kumbembeleza Brigedia ampe msaada. Liz anamtazama na kuangua kicheko. Ni mara ya mwisho kumwona Caroline John kama msaidizi wa Daktari kwenye mfululizo ule, anacheka, na ndani ya chumba kile ni mtu mmoja tu anayejua kwamba uso huohuo, muda mfupi uliopita, ulikuwa umesimama mbele ya lava.