Kwa nini mgonjwa anayetaka kupunguza uzito humhitaji sana muuguzi?

Katika kliniki nyingi za kisukari na shinikizo la damu, mgonjwa hupanda mizani kabla hajamwona daktari, na anayeandika kilo zake kwenye kadi ni muuguzi. Je, wajua kwamba kazi ya muuguzi katika suala la uzito inaweza kwenda mbali sana kuliko kuandika tarakimu hiyo?

Sababu kubwa imo mwilini. Mtu anapopungua, mafuta ya mwili hutoa kwa uchache leptini, homoni inayouarifu ubongo kuwa akiba inatosha, huku tumbo likiongeza ghrelini, ile inayoamsha njaa, na mwili ukitumia nishati kidogo kuliko awali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa mabadiliko ya homoni hizo yalikuwa bado yapo mwaka mmoja baada ya watu kupungua. Kwa hiyo mgonjwa aliyeambiwa mara moja tu “punguza uzito”, kisha akarudi na kilo zilezile, si haki kumwita mvivu. Anahitaji mtu wa kumfuatilia kwa miezi na miaka, na muuguzi ndiye anayekutana naye kila tarehe ya kliniki.

Uingereza ilitoa ushahidi mzuri wa jambo hili mwaka 2017, yalipochapishwa matokeo ya jaribio la DiRECT. Wauguzi na wataalamu wa lishe wa vituo vya kawaida vya afya walipewa mafunzo, wakawasimamia wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili kutumia vinywaji na supu maalumu zenye takriban kilokalori 850 kwa siku, kwa miezi 3 hadi 5, kisha kurudia chakula cha kawaida hatua kwa hatua. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 walikuwa na sukari iliyoshuka chini ya kiwango cha kisukari bila dawa, wakati kwa waliopata huduma ya kawaida ilikuwa asilimia 4. Mlo wa namna hiyo haufai kujaribiwa nyumbani pasipo usimamizi, kwa sababu dawa za sukari na za shinikizo la damu hulazimika kurekebishwa mara moja.

Hata pasipo supu maalumu, mazungumzo yenyewe ni tiba, yakifanywa vizuri. Muuguzi stadi huomba kwanza ruhusa ya kuzungumzia uzito, tena faraghani, kisha huuliza siku ya mgonjwa inavyokwenda tangu chai ya asubuhi. Mama anayesema hali vitu vitamu huenda anakunywa vikombe 4 vya chai, kila kimoja na vijiko 3 vya sukari: hiyo ni takriban gramu 48, ilhali kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu anayekula kilokalori 2,000 ni gramu 50 kwa siku nzima. Badala ya kumwamrisha aache, muuguzi humwuliza, “Mama, unaona tuanze kupunguza kikombe kipi?” Mwenye kilo 90 akipungua kilo 4 na nusu tu, sukari na shinikizo la damu huanza kunufaika. Wapo pia wanaoogopa kupungua kwa sababu majirani watadhani wanaumwa, na hofu hiyo inastahili kusikilizwa kwa heshima.

Muuguzi hutazama vilevile dawa. Insulini, glibenklamidi, prednisoloni na baadhi ya sindano za uzazi wa mpango zinaweza kuongeza uzito. Akiona hivyo humjulisha daktari, naye mgonjwa hapaswi kuziacha mwenyewe. Kwa mgonjwa wa moyo, ongezeko la zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3 huashiria maji yanayojaa mwilini na huhitaji hatua ya haraka. Na anayepungua bila kukusudia huelekezwa kupimwa, kwa kuwa huenda ana kifua kikuu au kisukari kisichodhibitiwa.