Skana ya meno isiyo na waya: inavyofanya kazi na pa kuwa nayo makini

Skana ya meno ni kamera ndogo ya mkononi ambayo daktari huiingiza mdomoni na kuipitisha juu ya meno taratibu. Inapiga picha nyingi mfululizo, kompyuta inaziunganisha, na kwenye skrini linatokea umbo la meno na fizi ambalo unaweza kuligeuza upande wowote. Imekuja kuchukua nafasi ya ile trei yenye mchanganyiko mzito unaobanwa kinywani mpaka ugande, huku mgonjwa akijizuia kutapika. Krauni (kofia ya kufunika jino), meno ya bandia na vifaa vya kunyoosha meno vyote vinaweza kutengenezwa kutokana na picha hizo.

Teknolojia yenyewe si ya jana. Mwaka 1985, katika Chuo Kikuu cha Zurich nchini Uswisi, Werner Mörmann na mwenzake Marco Brandestini walianza kuwatibu wagonjwa kwa mfumo wa CEREC, uliopiga picha ya jino na kulichongea kijazio hapo hapo kliniki. Miaka mingi skana zilibaki zimefungwa kwenye kompyuta kwa waya. Zisizo na waya ndizo changa, na kwa Dar es Salaam zimeanza kuonekana kwenye baadhi ya kliniki binafsi.

Swali la kwanza la wagonjwa karibu kila mara ni moja. Mama mmoja wa makamo, kwenye kiti cha kliniki pale Upanga, alikizuia kifaa kwa mkono kabla hakijamfikia: "Mwanangu, hiyo ina mionzi kama ile ya kupiga kifua?" Daktari kijana akamwonyesha ncha yake inayowaka. "Hapana mama, ni mwanga tu. Ndiyo maana haioni ndani ya mfupa." Jibu zuri hilo, maana linabeba mambo mawili. Skana haitoi eksirei, kwa hiyo hakuna haja ya aproni yenye madini ya risasi, ile ya kuzuia mionzi. Na kwa kuwa ni mwanga, huona kile tu ambacho mwanga unakifikia: mzizi wa jino, jipu lililo ndani ya taya na mpaka wa jino uliofunikwa na damu havionekani. Skana haifuti eksirei pale inapohitajika.

Sasa tuje kwenye waya. Waya ulikuwa na kazi tatu: kuleta umeme, kupeleka picha kwenye kompyuta, na (hii haitajwi kwenye matangazo) kukizuia kifaa kisizurure. Ukiutoa, kila kazi inapata mrithi wake, na tahadhari nyingi za skana hizi zinatoka kwa warithi hao.

Umeme sasa unatoka kwenye betri ya lithiamu, na kwa hali ya hewa yetu hapa ndipo ningeweka macho zaidi. Betri ya aina hii haipendi joto. Skana iliyoachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani mwezi wa pili inachakaa haraka, na ikizidi inaweza kuvimba au hata kushika moto. Nimekuta chaja ya skana imepangwa juu ya otoklevu, mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke, kwa sababu ndipo soketi ilipokuwa karibu: chini mvuke wa nyuzi zaidi ya mia, juu betri inachajiwa. Ihamishwe. Chaja iwe iliyokuja na kifaa, si inayofanana nayo iliyookotwa Kariakoo kwa kuwa pini inaingia. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, au jenereta ikiwa haijatulia, chaja ipite kwenye stabilaiza au UPS (kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika). Betri iliyovimba, iliyoanguka ikapasuka au inayochemka bila sababu haichajiwi tena, haitobolewi, wala haitupwi kwenye ndoo ya taka za kawaida. Na kwa timu zinazosafiri kwa ndege kwenda kutoa huduma mikoani, betri za akiba hazipakiwi kwenye mzigo wa chini ya ndege. Zinakaa kwenye begi la mkononi, kila moja na kinga yake ili pini zisigusane.

Mrithi wa pili ni mawimbi ya redio. Watu wengi hudhani skana isiyo na waya lazima iwe na intaneti. Kwa kawaida inaongea moja kwa moja na kompyuta iliyo chumba hicho hicho, na bando likiisha kazi ya kupiga picha inaendelea. Mawimbi yake ni ya jamii ile ile ya Wi-Fi ya nyumbani, hayana nguvu ya kudhuru chembe hai kama eksirei. Mwenye pesimeka, yaani kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, aseme mapema, na skana isilazwe kifuani kwake wakati daktari anatafuta glavu. Kwa simu za mkononi ushauri wa kawaida ni kuacha angalau sentimita 15 kati ya simu na pesimeka. Kwa skana fuata kitabu chake.

Hatari halisi ya mawimbi ni picha mbovu. Kwenye jengo la ghorofa lenye ruta kila mlango, mawasiliano yanasongamana, picha inakwama, na daktari anarudia kupita. Programu nyingine huziba matundu kwa kukisia, na sehemu iliyokisiwa inapendeza macho kabisa. Krauni ikitengenezwa juu yake haitakaa. Kwa hiyo picha ikaguliwe mgonjwa akiwa bado kwenye kiti, hasa pembezoni mwa jino lililochongwa. Taa kubwa ya kiti izimwe au igeuzwe wakati wa kupiga.

Na kuzurura? Kifaa chepesi kisicho na waya kinatoka chumba hiki kwenda kile, kinawekwa juu ya faili, kinapokelewa kwa glavu zenye mate. Ncha inayoingia mdomoni inagusa utando laini, pengine na damu, na damu inaweza kubeba homa ya ini. Kama ni ya kutumiwa tena, ioshwe, ifungwe kwenye pakiti, itakaswe kwa otoklevu kwa joto na muda aliotaja mtengenezaji, mara nyingi nyuzi 121 au 134. Pakiti ifunguliwe mbele ya mgonjwa, ule mstari wa kiashiria, unaoonyesha kwamba imepita kwenye otoklevu, ukiwa umebadilika rangi. Kila ncha ina idadi ya mizunguko inayovumilia. Kioo chake kikififia, imekwisha. Mpini haupikwi wala hauzamishwi, unafutwa kwa dawa iliyoruhusiwa na mtengenezaji, kila baada ya mgonjwa. Ndoo ya jiki tuliyoizoea kwenye vituo vyetu si mahali pake, maana klorini inakula metali.

Mwanga usielekezwe machoni. Baadhi ya watengenezaji huonya pia kuhusu wagonjwa wa kifafa, kwa kuwa mwanga huo unawaka na kuzima haraka haraka, hivyo swali hilo liingie kwenye maswali ya mwanzo pamoja na presha na sukari. Ncha hupashwa joto kidogo ili isishike ukungu. Mgonjwa aambiwe asishtuke.

Limebaki faili. Umbo la meno yako pamoja na jina lako ni taarifa za afya, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka kwenye kundi la taarifa nyeti. Kumrushia picha hizo fundi wa maabara anayetengeneza krauni kwenye grupu la WhatsApp, jina kamili juu, ni kuzianika. Namba ya mgonjwa inatosha kwa kazi yake. Nenosiri la Wi-Fi lililokuja na kifaa libadilishwe siku ya kwanza, na mtandao wa skana usiwe ule wa wateja wanaosubiri mapokezi. Kompyuta ikiharibika, diski itolewe kwanza kabla ya kupelekwa kwa fundi.