Gesi ya Mtungi Haitoki Mtwara

Watu wengi Unguja na Pemba wanaamini kuwa gesi ya mtungi tunayopikia inatoka Mtwara au kisiwa cha Songo Songo. Kwa hiyo wanatarajia kuwa bomba la huko likipangiwa ada mpya au likiuzwa, bei ya mtungi nayo itabadilika. Wazo hili lina mantiki, maana zote mbili tunaziita gesi na visima viko nchini mwetu.

Lakini hizo ni gesi mbili tofauti. Ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, ni methani kwa sehemu kubwa. Husafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam kuzalisha umeme na kuendesha viwanda. Ada ya bomba hilo husimamiwa na mdhibiti wa nishati, na hakuna bomba linalovuka bahari kuja kwetu. Kinachovuka ni umeme, kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari, na sehemu ya umeme huo imezalishwa kwa gesi hiyo hiyo. Faida hiyo tunaipata, na si ndogo.

Ya mtungi ni propani na butani. Huagizwa kwa meli kutoka nje, kwa hiyo bei yake hufuata soko la dunia, nauli na thamani ya dola.

Soma maandishi ya mtungi wako: utaona LPG, yaani gesi hiyo ya propani na butani, na uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma. Mwombe muuzaji apime mtungi uliojaa mbele yako, kisha toa uzito huo ujue gesi iliyomo.