Nyavu, rafadha na wimbi: nani ampishe nani Ghuba ya Mwanza

Alfajiri, kwenye mialo (sehemu za kushushia samaki) ya Ziwa Victoria kuanzia Kayenze hadi Mwaloni Kirumba, malalamiko ni yale yale. Mwenye nyavu anasema amekatiwa kamba, mwenye injini anasema amefungiwa njia. Wote wana hoja, ila hawaumii sawa. Nahodha wa injini anaweza kupita jirani na mtumbwi wa kasia mara kumi kwa usiku mmoja asione shida yoyote. Mwenye kasia anazikumbuka zote kumi. Hata kwenye theluji ni hivyo hivyo. Mwaka 1982 watafiti Jackson na Wong, huko Alberta nchini Kanada, walikuta watembeao kwa skii wakikerwa na pikipiki za theluji kuliko wenye pikipiki walivyokerwa nao. Kwa hiyo tukisubiri anayesababisha kero aihisi mwenyewe, tutasubiri sana. Kikao cha BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, kinachoishia kwenye "tuheshimiane" kinakuwa hakijaamua kitu. Kiamue mahali pa kutega, kina, mwanga na mwendo.

Nianze na mahali na kina, maana hapo mwenye nyavu ana kazi yake. Kipande cha wavu cha mita 90 kikifungwa kwenye kamba kwa kulegezwa hadi nusu ya urefu wake kinabaki mita 45 majini. Unganisha vipande 40, una ukuta wa mita 1,800. Daraja la Kigongo–Busisi lina urefu wa kilomita 3 na kidogo, kwa hiyo ukiutega ukuta huo kukatisha ghuba eneo kama lile, umeziba zaidi ya nusu ya njia. Tega sambamba na ufuko, nje ya njia ya kuingilia mwaloni.

Halafu angalia kamba ya dumu, lile linaloelea kuonyesha wavu ulipo. Kamba za plastiki tunazotumia zinaelea. Maji yakitulia, ile sehemu iliyolegea inajikunja juu ya maji kama nyoka, na rafadha, yaani panga la injini, inaikusanya kabla nahodha hajaona dumu. Dawa yake ni jiwe la nusu kilo lililofungwa mita 2 chini ya dumu: kamba inasimama wima. Dumu la lita 5 lenye kifuniko kizima linabeba jiwe hilo bila shida. Kwa nyavu za kuelea, refusha kamba za maboya ili kamba ya juu ya wavu ikae angalau mita 2 chini. Panga la injini ya nguvu farasi 15 halifiki huko.

Taa ziwe mbili, moja kila ncha. Taa moja inaonyesha wavu ulipoanzia, haisemi umeelekea wapi. Siku za giza, usiku usio na mwezi, dagaa wanapovuliwa kwa taa, ziwa lote linawaka. Taa yako tulivu inachukuliwa kuwa ya dagaa na boti inaizunguka kwa upande mbaya. Mwalo ukubaliane kwamba nyavu zinatumia taa za kuwaka na kuzima. Mwenye kasia naye awe na tochi mkononi, siyo chini ya mzigo. Kanuni za kimataifa za 1972 za kuzuia migongano zinamtaka aliye kwenye chombo kidogo cha kasia awe nayo tayari kuionyesha mapema, na zinamtaka mwenye injini ampishe anayevua na mwenye tanga. Ziliandikwa kwa ajili ya bahari, lakini sioni sababu ya kutozifuata hapa.

Sasa mwendo, ambako wengi wanakosea kwa nia njema. Boti ya kilomita 36 kwa saa inakwenda mita 10 kila sekunde. Dumu ukiliona kwa mita 30, una sekunde tatu. Nahodha mwungwana anapunguza kidogo akikaribia mtumbwi, na hapo ndipo anapoharibu. Boti inayokimbia imepanda juu ya maji. Ukiipunguza nusu, makalio yanazama, pua inainuka, na wimbi linakuwa kubwa kuliko lile la mwendo wa kasi. Mtumbwi uliojaa mzigo, wenye ubao wa kiganja kimoja tu juu ya maji, unalipokea lote. Punguza mapema, mita 100 kabla, mpaka pua ishuke na boti ilale. Kama huwezi, pita mbali. Aliye kwenye mtumbwi aelekeze pua mshazari kwa wimbi, asilipokee kwa ubavu.

Na ukinasa? Zima injini mara moja, usijaribu kuchomoka kwa nguvu, maana utaburuta na kuchana wavu mrefu wa mwenzako. Chomoa waya wa usalama, weka gia frii, inua injini. Zungusha panga kwa mkono kinyume na lilivyokuwa likizunguka. Kamba isipotoka, ikate sehemu moja tu, kisha unganisha ncha mbili kwa fundo na uache dumu juu ya wavu. Ukifika mwaloni, mtafute tajiri, yaani mwenye nyavu, kabla yeye hajakutafuta.

Kazi haijaisha. Toa kotapini, nati na panga, uangalie nyuma yake kwenye shafti. Uzi mwembamba wa timba, yaani nyavu za uzi mmoja wa plastiki, unajisokota pale bila kuonekana na kukata sili, ile mpira inayozuia maji kuingia kwenye giaboksi. Siku inayofuata fungua skrubu ya chini ya giaboksi na udondoshe oili kidogo kwenye kiganja. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia. Badilisha sili na oili kabla ya kurudi ziwani.